Nyerereiti

Nyerereiti ni madini ya kundi la kabonati yenye fomula ya kikemia Na₂Ca(CO₃)₂. Ilitambuliwa kwa mara ya kwanza katika lava ya Ol Doinyo Lengai, volkeno hai iliyopo kaskazini mwa Tanzania, kusini kwa Ziwa Natron. Ilikubaliwa kuwa spishi mpya ya madini mwaka 1963. Ilipewa jina kwa heshima ya Julius Nyerere, aliyekuwa rais wa Tanganyika wakati huo.

Ugunduzi

Lava ya volkeno nyingi duniani ina silika kwa wingi. Ile ya Ol Doinyo Lengai, yaani "Mlima wa Mungu" kwa Kimaasai, ina silika kidogo sana. Sehemu yake kubwa ni kabonati za natiri (sodiamu) na kalsi. Joto lake ni takriban nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida. Mchana huonekana nyeusi na hutiririka kwa wepesi kama tope.

Mwaka 1960 wanajiolojia waliiona lava hiyo ndani ya kreta, na mwaka 1962 J. B. Dawson aliieleza katika jarida la Nature. Habari hiyo ilikuwa muhimu, kwa sababu wataalamu walikuwa wakibishana kama miamba ya kabonati inaweza kutokana na magma. Ndani ya lava iliyoganda kulikuwa na fuwele bapa za nyerereiti. Fuwele nyingine zilizomo zilikuja kuitwa gregoriiti, kwa kumbukumbu ya John Walter Gregory, mtafiti wa Bonde la Ufa.

Utambuzi wa spishi

Spishi ya madini hutambulika kwa mambo mawili: elementi zilizomo, na jinsi atomi zilivyopangwa katika fuwele. Elementi hupimwa kwa uchanganuzi wa kikemia. Mpangilio wa atomi huchunguzwa kwa eksirei. Pendekezo la spishi mpya na jina lake hupelekwa kwa kamati ya Shirika la Kimataifa la Elimumadini, ambayo wajumbe wake hupiga kura.

Rangi, uzuri na bei havihesabiwi. Kwa sababu hiyo tanzanaiti, kito maarufu kilichogunduliwa Mirerani mwaka 1967, si spishi ya pekee. Ni zoisiti ya rangi ya buluu, na zoisiti ilikuwa imekwisha kuelezwa mwaka 1805. Nyerereiti haifai kwa mapambo, lakini ni spishi kamili.

Udhaifu wake

Nyerereiti haidumu hewani. Ikipata unyevu hupokea maji na kugeuka kuwa pirssoniti, Na₂Ca(CO₃)₂·2H₂O, ambayo huhesabiwa kuwa spishi nyingine. Mvua ikiendelea, natiri huyeyuka na kuondoka, na mwishoni hubaki kalisiti. Ndiyo maana lava nyeusi ya mlima huo huanza kuwa nyeupe baada ya muda mfupi tu.

Kwa hiyo sampuli zinapaswa kuchukuliwa mapema na kufungwa pasipo unyevu. Pia inawezekana kwamba volkeno za zamani zilitoa lava ya aina hii, lakini mvua ikaondoa natiri yote, na leo miamba yake inaonekana kama kabonati za kalsi za kawaida.