Nzi Mwenye Jicho la Madoadoa

"Mjomba, mbona nzi huyu jicho lake lina madoadoa?"

Swali zuri hilo! Wengi humfukuza tu kwenye ndizi mbivu. Wewe umemtazama machoni. Haya, njoo nikusimulie.

Unaijua kanga ya bibi. Pale chini ina jina lake. Ikitandazwa, jina linasomeka. Ikikunjwa na kushindiliwa sandukuni, je, linasomeka? Halisomeki. Limefutika? Halijafutika, lipo palepale.

Ndani ya seli za nzi mna nyuzi ndefu za DNA, zimezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni. Uzi na protini zake, vyote pamoja, ndiyo kromatini. Mahali fulani imelegea, kama kanga iliyotandazwa: jeni zinasomeka. Mahali fulani imebanwa kabisa, na jeni iliyomo hunyamaza.

Sasa msikie nzi mwenyewe.

"Kwetu macho ni mekundu. Lakini huko Marekani mwanasayansi Hermann Muller aliwapiga wazee wangu eksirei. Mwaka 1930 akaandika habari za watoto wao: macho yao yalikuwa mekundu hapa, meupe pale!"

"Jeni ya rangi iliharibika?"

Haikuharibika, mwanangu. Ilihama. Eksirei ilikata kromosomu, yaani ule uzi wa DNA na protini zake, vipande vikaunganika kinyume, na jeni ya wekundu ikajikuta jirani na sehemu iliyobanwa. Tena ule ubanaji una tabia ya kuenea, kama mkunjo wa kanga unavyovuta kitambaa cha jirani.

"Basi mbona jicho si jeupe lote?"

Ehe! Hapo ndipo penye utamu. Nzi akiwa bado anakua, ubanaji huifikia jeni katika seli hii, huikosa katika seli ile. Seli ikigawanyika, watoto wake hufuata hali ya mama yao. Ndiyo maana unaona mabaka, baka jekundu, baka jeupe.

"Nitajuaje jeni haikufutika?"

Wataalamu waliona jeni ileile ikihamishwa tena, mbali na ule msongamano. Wekundu ukarudi. Hata joto lina neno lake: nzi wa madoadoa akilelewa penye joto, wekundu huongezeka.

"Na nani anayeikunja kanga?"

Wako wengi. Mmoja ni protini iitwayo HP1, iliyoelezwa mwaka 1986 kutoka kwa nzi hawahawa. Ikipungua, jicho huwa jekundu zaidi.

"Na ikizidi?"

Weupe nao huzidi.