Kabla ya Kurudisha Kompyuta Mpya kwa Windows ya Zamani

Siku hizi vikundi vingi vina kompyuta. Wengine wamenunua kwa michango yao wenyewe, wengine wamesaidiwa na wafadhili. Katika ziara zetu tumeulizwa swali moja mara nyingi: "Mashine ni mpya lakini ni nzito, na hatuielewi. Si tuirudishe tu kwa ile Windows tuliyoizoea?"

Swali hili tunalijua kwa uchungu. Kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea kilinunua laptopu mpya yenye Windows 11. Mweka hazina akaingiza hisa na mikopo ya kila mwanachama. Halafu printa yao ya zamani ikakataa kuchapa. Sisi ndio tuliowashauri wapeleke mashine mjini iwekwe Windows 10, kwa sababu ndiyo tuliyokuwa tukiitumia ofisini. Fundi alifanya alivyoambiwa. Mashine iliporudi ilikuwa haishiki intaneti, kidole hakiwezi kusogeza mshale, na hesabu zote zimefutika. Fundi hakuulizwa kama kuna kitu ndani, naye hakuuliza.

Windows ni mfumo unaoendesha mashine yote. Programu zingine zote zimesimama juu yake, kama nyumba juu ya msingi. Kupanda kutoka 10 kwenda 11 kunaweza kufanyika na karatasi zenu zikabaki mahali pake. Kushuka ni jambo lingine: kwa kawaida diski inafutwa na kuanzwa upya. Nafuu iko moja tu. Kama mashine ilikuwa na Windows 10 halafu ikapandishwa, mna siku 10 za kuirudisha bila kupoteza barua na hesabu, kwa kupitia sehemu ya Recovery ndani ya Settings. Hata hivyo, programu mlizoweka baada ya kupanda zitaondoka. Mashine iliyotoka kiwandani na Windows 11 haina njia hiyo.

Hamu ya kurudi nyuma si ya leo. Windows Vista ilipotoka mwaka wa 2007, watu wengi walionunua laptopu mpya waliiona nzito, wakataka XP ya mwaka wa 2001. Wengine walianza kazi, kisha XP ikasema haioni diski yoyote ndani ya mashine! Diski ilikuwemo. XP ndiyo haikuwa na draiva yake. Draiva ni programu ndogo inayoufundisha mfumo kuzungumza na kifaa fulani. Mfumo wa zamani haumjui mgeni aliyezaliwa baada yake. Ndiyo maana ukijaribu kuweka Windows 7, ya mwaka wa 2009, kwa laptopu ya leo, mara nyingi hata kipanya na flashi havitambuliwi. Kwa hiyo fundi akiwaambia Windows 7 ni nyepesi, anasema kweli, lakini hajamaliza. Microsoft waliacha kuitengenezea kinga Januari 2020. Kinga ya kawaida ya Windows 10 nayo ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na ile ya nyongeza kwa watu binafsi ilitangazwa kuishia Oktoba 2026. Mashine isiyo na kinga, tena inayoingia kwenye intaneti na pesa za kikundi, ni mlango uliorudishwa bila komeo.

Kwa hiyo kwanza jiulizeni ni nini hasa kinachowasumbua. Ikiwa ni printa, tafuteni draiva yake kwa tovuti ya waliotengeneza printa. Ikiwa ni programu moja ya zamani, bonyezeni alama yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, mwingie Properties, halafu Compatibility, mwiambie ijifanye iko ndani ya Windows ya zamani. Mara nyingi inakubali. Ikiwa ni uzito, angalieni kumbukumbu ya mashine. Windows 11 inataka angalau GB 4, lakini kwa kiasi hicho inakokota miguu. Kama laptopu yenu inaruhusu kuongezwa kumbukumbu, hiyo itawasaidia kuliko kubadilisha mfumo.

Mkiona bado ni lazima kushuka, nakilini kila kitu kwa flashi mbili, zikae kwa nyumba mbili tofauti. Chapeni daftari ya hisa kwa karatasi (ndiyo, hata leo karatasi ina kazi yake). Angalieni kama Windows 11 yenu ni Pro au Home. Pro iliyokuja na mashine ina ruhusa ya kushuka hadi Windows 10 Pro, Home haina. Ile "dawa" ya kufungua leseni ambayo vijana huuza bei rahisi ni wizi, na amri ya saba hatuhitaji kuwakumbusha. Tena mara nyingi ndani yake kuna virusi. Asiye na pesa ya leseni aulize fundi kuhusu Linux, ambayo ni bure kwa haki.

Pakueni draiva zote mapema, hasa ya intaneti, mkiziweka kwa flashi nyingine. Mfumo mpya ukiwaka bila intaneti, hamtaweza kuzitafuta. Pia diski ya laptopu mpya huenda imefungwa kwa siri bila ninyi kujua. Ufunguo wake ni tarakimu 48, na mara nyingi umehifadhiwa kwa akaunti ya Microsoft ya yule aliyeiwasha mara ya kwanza. Uandikeni kabla fundi hajagusa chochote.

Wale akina mama walikusanya vitabu vya wanachama, kimoja kimoja, na kuandika hesabu upya. Ilichukua majuma matatu. Vitabu viwili havikupatikana, na mikopo ya wenyewe ilibidi kukubaliwa kwa neno lao mbele ya mkutano.