SOLA NA BETRI, AU JENERETA? PIGA HESABU KABLA YA KUTOA PESA



Mwisho wa mwaka, vikundi vya kuweka na kukopa vinapogawana akiba, sisi wahudumu wa jamii hapa Nakivale tunaulizwa swali moja kila wiki: "Ninunue jenereta au sola?" Mama mmoja wa kikundi chetu alinishika mkono baada ya mkutano akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma kidogo. Nina shilingi 900,000, ni jasho la mwaka mzima. Jenereta wananiuzia 500,000, sola yote wanataka 900,000. Si jenereta ndiyo rahisi?" Nikamjibu, "Mama, tukae kwanza tupige hesabu." Hesabu tuliyopiga siku ile ndiyo tunawaletea leo.

1. KWANZA JUA UNATAKA UMEME WA KAZI GANI

Nguvu ya umeme inapimwa kwa wati. Balbu ya LED ya kutosha chumba ni wati 5. Redio ndogo ni kama wati 5. Lakini pasi ya umeme inakula wati 1,000 na zaidi, na mashine ya kusaga unga inataka wati elfu kadhaa. Ukizidisha wati kwa saa unazotumia, unapata wati-saa. Hizo wati-saa ndizo unazonunua, iwe kwa petroli au kwa jua.

Nyumba ya mama yule ilikuwa hivi:

- Balbu 3 za wati 5, saa 4 kila usiku: wati-saa 60.
- Redio ya wati 5, saa 6 kwa siku: wati-saa 30.
- Kuchaji simu 5, zake na za majirani, kila moja kama wati-saa 15: wati-saa 75.

Jumla ni wati-saa 165 kwa siku. Andika na wewe ya nyumba yako. Usinunue kitu chochote kabla ya kuandika.

2. JENERETA: BEI NDOGO DUKANI, BEI KUBWA NYUMBANI

Jenereta ndogo ya petroli inakunywa kama nusu lita kwa saa. Hata ukiwasha balbu tatu tu, injini inazunguka na petroli inaungua. Ni kama kukodi lori kubeba gunia moja la maharage.

Saa 4 kila usiku ni lita 2. Kwa mwezi ni lita 60. Tuseme, kwa mfano tu, lita moja ni shilingi 5,000: hizo ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Hatujahesabu oili, ambayo lazima ibadilishwe kila baada ya saa 50 hadi 100 za kazi kufuatana na kitabu cha mashine. Hatujahesabu plagi wala fundi.

Sasa angalia. Mwezi wa kwanza ukiisha, jenereta ya 500,000 imekugharimu 800,000. Mwezi wa pili ukiisha imefika 1,100,000. Tayari imepita bei ya sola, na mwezi wa tatu itataka tena.

Utasema, "Mimi sitawasha saa nne, nitawasha saa moja tu." Vizuri. Saa moja kwa siku ni lita 15 kwa mwezi, shilingi 75,000. Hapo jenereta itaipita bei ya sola mwezi wa sita. Na kwa hiyo saa moja mtoto hatamaliza kusoma masomo yake.

3. SOLA: JUA NI BURE, BETRI SI BURE

Hapa kwetu karibu na mstari wa ikweta, siku nzuri ya jua ni sawa na saa 5 hivi za jua kali. Bamba la wati 50 kwa saa 5 ni wati-saa 250. Ondoa kama robo inayopotea kwa joto, vumbi, waya na betri. Unabaki na karibu wati-saa 185. Mahitaji ya mama yalikuwa 165. Basi bamba la wati 50 linamtosha siku za jua, ila halimwachii nafasi kubwa. Ukitaka kuongeza televisheni, lazima uongeze bamba na betri pia.

Bamba likitunzwa linaweza kufanya kazi miaka 20 na zaidi. Betri ndiyo inayokufa mapema. Ndugu, zingatia sana hapa, maana ndipo watu wengi wanapoteza pesa na baadaye wanasema sola ni uongo.

Sisi wenyewe tulifanya kosa hilo. Kikundi chetu cha vijana kilinunua betri ya gari kwa sababu bei ilikuwa ndogo. Tulichaji simu mpaka taa zinafifia, kila siku. Haikufika miezi sita, betri ikafa, na akiba yetu ikafa nayo. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, injini iwake. Haikutengenezwa kumalizwa kila usiku. Kweli, rahisi ni ghali.

Mambo ya kujua juu ya betri:

- Betri ya risasi na tindikali, hata ile ya sola, usiitumie zaidi ya nusu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600, lakini wewe hesabu 300. Kwa nyumba ya mama yule ni karibu siku mbili bila jua.
- Pima kwa mita ya volti ikiwa imepumzika. Ikiwa imejaa inasoma kama 12.7. Ikisoma 12.2 imefika nusu, zima.
- Betri ya kufunguliwa inataka maji ya betri. Usitie maji ya bomba wala ya ziwa.
- Betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti inaweza kutumiwa mpaka asilimia 80, na inachajiwa mara elfu kadhaa kabla ya kuchoka. Bei yake ya kwanza ni kubwa, na inataka kontrola inayolingana nayo. Uliza kabla ya kununua.
- Usiunge bamba na betri bila kontrola. Hiyo ndiyo inayozuia betri kujazwa kupita kiasi. Nyingi pia zinakata taa kabla betri haijaisha. Ikikata, usiirukie kwa waya. Inakulindia mali yako.

Betri ya risasi iliyotunzwa inaweza kukaa miaka 2 hadi 4. Basi anza kuiwekea akiba siku ile ile unayoifunga. Kama betri mpya ni shilingi 360,000, weka 10,000 kila mwezi kwa miaka mitatu. Haba na haba hujaza kibaba. Anayechaji simu za majirani asile pesa yote, sehemu moja ni ya betri.

4. KUFUNGA BAMBA

Weka mahali ambapo kivuli hakifiki tangu asubuhi mpaka jioni. Hata kivuli cha tawi moja la mti kinaweza kupunguza umeme sana. Usililaze kabisa: kwa kila mita moja ya urefu, inua upande mmoja kama sentimita 20, mvua ioshe vumbi. Acha nafasi kati ya bamba na mabati ili upepo upite, maana bamba likipata joto sana linatoa umeme kidogo. Wakati wa kiangazi lifute kwa kitambaa chenye maji, asubuhi kabla halijapata moto.

Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Desemba zinaleta siku za mawingu. Siku hizo punguza matumizi: taa kwanza, simu baadaye.

5. JENERETA INAUA

Tunasema wazi kwa sababu tumeona. Kinyozi mmoja wa mtaa wetu, mvua ilipoanza, aliingiza jenereta ndani akaiweka nyuma ya pazia. Wateja wawili walianza kuumwa kichwa na kizunguzungu, mmoja akaanguka. Bahati nzuri watu walikuwa macho, wakawatoa nje. Wangekuwa wamelala, tungezika.

Moshi wa injini una hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Mtu aliyelala haamki kuikimbia. Kwa hiyo:

- Usiwashe jenereta ndani ya nyumba, hema, duka wala barazani. Kufungua dirisha hakutoshi.
- Iwe mbali na nyumba, angalau mita 6, na moshi uelekee mbali na milango, yako na ya jirani.
- Usitie petroli injini ikiwa ya moto. Zima, ngoja ipoe.
- Usiweke petroli katika chupa za maji. Mtoto atakunywa.
- Mtu akiumwa kichwa, akitapika au akilegea karibu na jenereta, mtoe nje upesi na mpeleke kituo cha afya.

Sola nayo ina hatari yake. Tindikali ya betri inaunguza macho na ngozi, na betri inapochajiwa inatoa hewa inayowaka. Iweke mahali penye upepo, mbali na jiko, watoto wasifike. Betri iliyokufa usiivunje na usiyeyushe risasi yake jikoni. Risasi ni sumu, inaharibu akili ya watoto. Mrudishie muuzaji au mnunuzi wa betri chakavu ikiwa nzima.

6. JE, JENERETA HAINA KAZI?

Inayo. Kwa kuchomelea vyuma au kusaga nafaka, sola ndogo ya nyumbani haiwezi. Penye harusi ya siku moja, kukodi jenereta ni busara kuliko kununua sola. Na mahali ambapo umeme haupaswi kukatika, kama kituo cha afya chenye wagonjwa, vyote viwili vinasaidiana: sola na betri kila siku, na jenereta ya akiba kwa siku za mawingu mengi.

Msidhani pia kwamba sola ni ya taa ndogo tu. Mwaka 2017 kambi ya Zaatari nchini Jordani ilijengewa mitambo ya sola ya megawati 12.9. Lakini huo ni mradi mkubwa. Nyumba yako ianze na hesabu yako.

7. UKIFIKA DUKANI

Taka bamba lipimwe juani mbele yako. Taka dhamana iliyoandikwa, yenye tarehe na muhuri. Ukinunua kwa kulipa kidogo kidogo, uliza maswali mawili: jumla nitalipa shilingi ngapi mpaka mwisho, na nikichelewa taa zitazimwa? Usitie kidole gumba kwenye karatasi ambayo hujasomewa. Njoo kwetu, tutakusomea.

Yule mama alinunua sola. Bamba ni lile la wati 50, betri ni ya sola, na mkebe wa akiba ya betri ameutundika ukutani, juu ya betri yenyewe. Juzi nilipita kwake jioni akaniambia, "Mwanangu, leo nimetia elfu kumi ya mwezi wa nne." Watoto walikuwa mezani wanasoma.

Ukiwa na swali, mwone mhudumu wa jamii wa mtaa wako. Njoo na karatasi yenye wati zako, tutapiga hesabu pamoja. Asiyejua kusoma, wewe uliyesoma ukurasa huu msomee.