MDUDU HUYU NI FUKUSI AU DUMUZI?

Mkulima aliyeweka mahindi nyumbani huenda akaona unga umemwagika chini ya magunia, na vidudu vidogo vikitambaa ukutani. Wengi husema, "Ni fukusi tu." Lakini yafaa kwanza kumtazama mdudu mwenyewe, kwa maana dawa imwuayo fukusi pengine haimwui dumuzi.

Weka wadudu wachache juu ya karatasi nyeupe penye mwangaza. Fukusi ana mdomo mrefu kama mkonga wa ndovu. Dumuzi, ambaye wengine humwita Osama, hana mkonga. Mwili wake ni kama kipande cha kijiti, rangi ya hudhurungi iliyokolea, urefu milimita 3 au 4. Ukimtazama kutoka juu hukioni kichwa, kwa kuwa kimeinama chini ya mabega. Na nyuma ni kama amekatwa kwa kisu.

Asili ya dumuzi ni Meksiko na Amerika ya Kati. Alionekana Tabora, Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1983 akaonekana Taveta, hapa Kenya. Tangu hapo ameenea pamoja na mahindi yanayosafirishwa. Yeye huifanya punje kuwa unga, na hutoboa hata mbao. Huko Tabora, ghala nyingine zilipoteza kama theluthi ya mahindi kwa miezi michache tu. Sehemu za juu kama Molo na Njoro huvuna mahindi mara moja kwa mwaka. Hasara kama hiyo ni njaa nyumbani kabla ya mavuno mengine.

Basi fanya hivi:

1. Pukuchua mahindi. Dumuzi hupenda zaidi yaliyo bado katika magunzi.

2. Yaanike mpaka unyevu usizidi asilimia 13.

3. Fagia ghala, choma takataka, wala usichanganye mahindi mapya na ya zamani.

4. Tumia dawa ya unga iliyoandikwa kuwa inaua fukusi na dumuzi pia, kwa kipimo kilichoandikwa; au magunia yasiyopitisha hewa. Usitie kamwe dawa ya kuogeshea ng'ombe katika chakula.

Ukiwa na shaka, tia wadudu katika chupa, uifunge vizuri, umpelekee Afisa wa Kilimo. Usingoje mpaka gunia libaki unga mtupu.