'Kukuza' picha si sawa na 'kuinoa'

WAPENZI wa michezo ya uhalisia pepe aghalabu hutumia vitenzi 'kuza' na 'noa' kana kwamba ni visawe. Mimi naonelea kuwa si visawe kamwe.

'Kuza' ni kauli ya kusababisha ya 'kua', yaani kufanya kitu kiwe kikubwa. 'Noa' ni kutia makali, jinsi tunoavyo kisu.

Miwani ya uhalisia pepe huhitaji picha mbili, moja kwa kila jicho. Ikizionyesha mara 90 kwa sekunde, kompyuta ina takriban milisekunde 11 tu za kuandaa kila jozi. Ikichelewa, picha hukwamakwama na mchezaji huweza kushikwa na kichefuchefu.

Zana kama FSR ya AMD, iliyotolewa 2021, huokoa muda huo. Mathalani, mchezo ukichorwa kwa asilimia 70 ya upana na urefu, pikseli hubaki asilimia 49, karibu nusu. Kisha zana hukuza picha ienee skrini, ndipo huinoa kingo.

Kwa hivyo, anayenoa tu hajaipunguzia kompyuta mzigo hata chembe. Mchezo ukikwama, ndugu msomaji, punguza kwanza, kuza, halafu ndio unoe.