Kabla Kisu Hakijagusa Ngozi

Novemba 2007, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walikuwa wamelazwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Mmoja alisumbuliwa na goti, mwingine kichwa. Wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Huyo wa kichwa baadaye alifariki. Mwenzake alipelekwa India kwa matibabu.

Mapema mwaka 2018 ikawa zamu ya Nairobi. Katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, madaktari walifungua fuvu la mgonjwa wakitafuta damu iliyoganda. Saa zikapita, damu haionekani. Kumbe aliyestahili kuwa mezani yuko wodini, na huyu alikuwa na uvimbe usiohitaji kisu.

Si kwamba wapasuaji hao hawakujua kazi. Wasichokijua ni nani aliyelala mbele yao. Mgonjwa akishapigwa nusu kaputi hana tena mdomo wa kujitetea. Amefunikwa shuka gubigubi, kimebaki kipande cha ngozi tu. Faili au utepe wa mkononi ukikosewa wodini, kila anayefuata huuamini. Ndiyo maana kumsimamisha kazi daktari, kama ilivyofanyika Nairobi, hupoza hasira za wananchi lakini hakugusi kule kosa lilikoanzia.

Kosa jingine ni vifaa kusahauliwa tumboni. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kuwa upasuaji wa dharura huongeza hatari hiyo takribani mara tisa. La kushtua zaidi, pale vifaa vilipohesabiwa, mara nyingi hesabu iliandikwa kuwa imetimia! Haishangazi sana: kitambaa kilicholowa damu hakitofautiani na nyama inayokizunguka, hasa usiku wa manane, mama anavuja damu na timu imechoka. Matokeo yake ni usaha, utumbo kuziba, homa isiyosikia dawa, na kisu cha pili.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikiwa kwa sauti: kabla ya usingizi, kabla ya kuchana, na kabla ya mgonjwa kutolewa. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, Morogoro. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Lakini karatasi ikijazwa kwa mazoea, au muuguzi akiogopa kumwambia bingwa "subiri kwanza, daktari", haina kazi.

Nawe ukipelekwa chumba cha upasuaji, usiitikie tu "ndiyo" unapoitwa. Taja mwenyewe jina lako kamili na sehemu inayopasuliwa. Homa na maumivu yakikung'ang'ania baada ya kushonwa, rudi ukapigwe picha ya eksirei. Vitambaa vingi vya upasuaji hufumwa na uzi maalumu unaoonekana humo.