"Bosi, Nimekosea": Namna ya Kumrekebisha Mfanyakazi Wako Bila Kumtia Woga

Ni Ijumaa jioni, foleni imefika mlangoni. Mteja ameleta 500, mhudumu wako anamwekea 5,000. Unagundua, hasira zinapanda, unamfokea mbele ya watu: "Wewe huwa hauko makini!"

Amejifunza nini? Kwamba siku akikosea tena, afiche. Na kwenye pesa za simu, kosa lililofichwa ndilo hukula mtaji. Likiripotiwa mara moja, kuna nafasi ya kurudisha pesa kabla hazijatolewa. Likingoja mpaka ufunge hesabu usiku, huenda ukapata zilitumika kitambo.

Kwa hivyo sisi tunasema: mrekebishe mtu kwa njia itakayomfanya kesho akuambie mapema.

1. Okoeni pesa kwanza. Ripotini muamala huo kwa huduma kwa wateja. Mazungumzo yangoje foleni iishe, mbaki wawili.

2. Taja kitendo, si tabia. Fungua rekodi: "Leo saa kumi na moja uliweka 5,000, na mteja alileta 500. Ilikuwaje?"

3. Ukishauliza, sikiliza. Pengine alikuwa anapima sukari huku anapokea pesa za mtu mwingine. Kama ndivyo, shida iko kwa mpangilio wa duka, na hiyo ni kazi yako.

4. Kubalianeni jambo moja. Kwa mfano: asome kiasi kwa sauti, mteja akubali, ndipo abonyeze. Wiki ijayo angalia kama anafanya hivyo, na umwambie. "Nimeona unasomea kila mteja kiasi, asante" inamsaidia kuliko "kazi nzuri" tupu.

Na makosa yakizidi mpaka ufikirie kumfuta? Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakutaka kwanza umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua, na umpe nafasi ya kujitetea. Ukiwa umeandika mliyokubaliana kila mara, hautafika hapo mikono mitupu.

Leo kabla ya kufunga duka, jaribu swali hili: "Kuna muamala wowote umekusumbua leo?" Siku mhudumu wako atakapokujibu bila kuangalia chini, jua floti yako imepata mlinzi.